Mkwe Asiyeinua Macho

Mzee Chediel wa Shelui hakuwa mtu wa kubahatisha. Jambo akilijua, amelijua. Asilolijua hulikalia kimya. Ndiyo maana hakupatana na viongozi, ambao kwa maoni yake hufanya kinyume chake. Mkewe Marietha alifia kwenye benchi la zahanati akingoja gari la wagonjwa, na siku hiyo gari lilikuwa limebeba viti vya plastiki kwenda kumpokea mkubwa mmoja. Tangu hapo mzee huyu hakumpigia tena makofi mtu yeyote aliyeshika kipaza sauti.

Nyumbani alibaki na mkwe wake Yasinta, mke wa mwanawe Antipasi. Antipasi mwenyewe alikuwa mashimoni Sekenke akitafuta dhahabu. Akipata anarudi, asipopata anaona aibu kurudi. Mkwe na baba mkwe walikaa kwa adabu ya kwao. Mzee haingii jikoni, hali pamoja na mkwe, wala hamkodolei macho. Yasinta huleta chakula, hupiga goti, husalimu huku akitazama chini, huondoka. Miaka yote hiyo Chediel alimjua mkwe wake kwa sauti kuliko kwa sura.

Na Yasinta alikuwa mgonjwa. Si malaria, si presha, hayo tumeyazoea. Wake ulikuwa ugonjwa wa misuli: akiitumia inachoka kabla ya wakati, akipumzika inarudi. Kwanza watu waliuita uvivu, kisha wakauita mapepo, mpaka daktari mmoja wa hospitali kubwa mjini Singida akaupa jina refu na vidonge vya kila siku. Aliwaambia kwamba ugonjwa huu hulala, ila huamka, na kabla ya kuamka hubisha hodi. Kope zinalegea. Kutafuna kunachosha. Sauti inatokea puani. Ukishafika kwenye pumzi haubishi tena, unaingia tu. Siku hiyo Chediel alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, na kila neno alilibeba mpaka nyumbani.

Sasa ulikuwa msimu wa kupura mtama. Wanawake walikusanyika uani kwa Chediel na fimbo zao, na Yasinta, kama kawaida, ndiye aliyeongoza nyimbo. Mzee alikaa upande wa pili wa nyumba, amewapa mgongo, anachonga mpini wa jembe. Esta, jirani yake, alipita kuchukua ungo.

"Baba Antipasi, wewe umepata mkwe," Esta akasema. "Leo nimemsalimia, hata macho hainui. Wangu mimi ananikazia macho kama polisi wa barabarani."

Chediel alicheka kidogo, kisha panga likasimama juu ya mpini. Haya ya Yasinta ilikuwa kwa baba mkwe tu. Kwa Esta hakuwa nayo hata chembe. Hao wawili walizoea kutaniana mpaka kuku wanakimbia. Leo haya imetoka wapi?

Akategea sikio. Mstari wa wimbo ambao Yasinta huutoa kwa pumzi moja kutoka uani mpaka kisimani, leo ulikatika katikati, na kilichobaki kikatokea puani, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Wenzake wakaudaka wimbo. Ubeti uliofuata akamwachia mwingine. Hapo Chediel akakumbuka kwamba jana jioni mbwa alitupiwa kutoka jikoni paja la kuku likiwa zima, na Singida hii hakuna mtu anayempa mbwa paja la kuku kwa hiari yake.

Hodi tatu. Akainuka.

Alipotokea uani fimbo zilinyamaza. Yasinta, kama adabu inavyotaka, alikwepa akaingia jikoni. Mzee akamfuata humo humo.

"Baba Antipasi," Esta akamsemea nyuma, "jikoni kwa mkwe?"

"Jikoni. Nendeni mkatangaze. Mkimaliza kunisema sisi tutakuwa tumeshafika Singida."

Yasinta alikuwa amepiga goti kando ya mafiga, uso chini, kiganja kimeshika taya kana kwamba bila kiganja hicho lingedondoka.

"Mwanangu, niangalie."

Hakuinua macho.

"Yasinta. Mimi baba yako nimesema niangalie."

Basi akainua, ila si macho, aliinua kichwa kizima, kidevu juu, kama mtu anayetafuta ndege angani, ili apate kuona kwa chini ya kope. Jicho la kushoto lilikuwa karibu kufunga. Chediel alilitazama bila aibu yoyote, akajua.

Mengine aliyapata kwa kuuliza. Yasinta alikuwa na kikohozi, akanunua vidonge vya kifua duka la dawa, ingawa daktari alimkataza kumeza dawa yoyote ngeni kabla ya kumuuliza. Aliogopa mavuno yamkute kitandani, watu waseme uvivu umerudi.

"Na pumzi?"

"Nikilala chali, baba, inakuwa nzito."

Hilo lilitosha. Esta, ambaye sasa utani ulikuwa umemtoka, alileta uji. Chediel akaurudisha, daktari alisema koo likichoka uji huingia mapafuni. Esta akanuna, lakini akafunga kanga ya Yasinta na kumshika mkono mpaka barabarani.

Barabarani walikutana na mwenyekiti wa kijiji, Ezekieli, simu sikioni tayari, kwa maana habari ya jikoni ilishamfikia. Alisema atalipigia gari la wagonjwa, kuna utaratibu, wakakae zahanati kwenye benchi.

"Marietha alikaa kwenye benchi hilo," Chediel akamjibu. "Mkwe wangu halikalii."

Akavuka, akaenda pale malori yanapoegeshwa. Dereva mmoja, Deo, aliyekuwa akipeleka mchele upande wa Singida, alikuwa akinawa baada ya kula.

"Mzee, mimi si gari la wagonjwa," Deo akasema.

"Najua. Ungekuwa hilo nisingekufuata."

Deo alimtazama mzee, akamtazama Yasinta, akafuta mikono kwenye suruali, akafungua mlango.

Lori lilipanda mlima Sekenke likilia. Yasinta alikaa wima katikati, kwa kuwa kulala kungemmalizia pumzi, na shingo ilipoanza kushindwa Chediel alimshika kichwa kwa kiganja chake. Baba mkwe kashika kichwa cha mkwe. Hakumwomba mtu ruhusa. Yasinta alipotaka kusema kitu alimwambia anyamaze, sauti hiyo amtunzie daktari.

Hospitali walimwekea hewa saa ile ile, wakasimamisha vidonge vya dukani, wakaanza dawa nzito. Daktari alimwambia mzee kwamba kungoja mpaka kesho kungekuwa kungoja maiti. Chediel aliitikia kwa kichwa tu. Hakuambiwa jambo jipya.

Waliporudi Shelui, Antipasi yumo nyumbani na vumbi la shimo masikioni, Ezekieli alikuja kuwapa pole akiwa na kilo ya sukari. Alitaka ijulikane kwamba gari la wagonjwa lilifika.

"Lilifika lini?"

"Jioni ile ile, mzee."

"Basi lilikuta benchi tupu," Chediel akasema, na sukari akaipokea.

Adabu nyingine zote zimerudi mahali pake. Mzee haingii jikoni, wala hali na mkwe. Moja tu ameifuta. Kila asubuhi Yasinta akipiga goti na kusema shikamoo, Chediel haitikii mpaka mkwe ainue macho, yote mawili, wazi, yatazamane na ya kwake. Esta husema mzee huyo ameharibu mila. Chediel humwacha aseme. Huangalia kope ya kushoto, huangalia ya kulia, kisha ndipo huitikia: "Marahaba, mwanangu."