Kitabu Kilichokosa Kurasa Nane

Mume wangu alikuwa mfunga vitabu kwenye matbaa. Kitabu kilichoharibika kiwandani kilitupwa na karatasi chakavu, ila kimoja alikinusuru akamletea binti yetu wa miaka sita, ambaye yeye mwenyewe alimpa jina la Bosi. Kilikosa kurasa nane za mwisho. Walisahau kuzishona, jalada likabandikwa hivyo hivyo.

Kilikuwa kitabu cha picha, cha Bata anayegombana na msomaji. "Wewe! Ndiyo, wewe mwenye vidole vichafu! Usifunue ukurasa. Ukifunua, napungua!" Bosi anafunua, Bata hana kofia. Anafunua tena, Bata hana miguu. "Mkaidi wewe! Mama yako anajua?" Baba na binti walicheka mpaka wakapaliwa. Ukurasa wa mwisho uliokuwepo ulikuwa na jicho tu: "Ukifunua na huu, hutaniona tena." Hapo baba mtu alikifunga na kubuni mwisho wake mwenyewe, kila siku tofauti.

Kisha mume wangu alilazwa siku tisa kwa ugonjwa wa mapafu. Siku ya tisa nilimwacha Bosi na shangazi yake. Saa kumi na nusu alasiri nilipiga simu nyumbani.

Baada ya mazishi niliona kwamba mtoto hafungui kitu. Akifika mlangoni anasimama mpaka mtu apite. Hagusi kabati, hagusi sufuria. Siku ya tatu akaacha kufungua mdomo. Nilimwekea kijiko kwenye midomo, akabana meno na kunitazama kama ninataka kumwua.

"Ni huzuni, wifi," alisema shangazi yake. "Mwache, njaa itamtuma."

Haikumtuma. Muuguzi wa zahanati alimbana ngozi ya mkono, ikachelewa kurudi. Akasema kama hadi kesho asubuhi hajanywa kitu, nimpeleke hospitali alazwe, palepale alipolazwa baba yake.

Nilirudi nyumbani nikaanza kupanga vitu ili mikono ipate kazi. Nilipokigusa kile kitabu, Bosi alipiga yowe na kunirukia.

"Usifunue! Mimi nilifunua!"

"Ulifunua nini, mama?"

"Ukurasa wa jicho. Shangazi alikuwa anaanika nguo. Kulikuwa kweupe, hakuna mtu. Halafu simu ikalia." Alishika mkono wangu kwa kucha. "Na wewe utapotea."

Akabana meno tena. Nilimwambia si kweli, nikaapa, nikamwita majina yote ya mapenzi. Nilikuwa kama naongea na ukuta. Bata alisema, na alichosema kikatokea. Mimi nilikuwa na nini cha kushindana naye?

Niliona njia moja tu, nami niliiogopa: zile kurasa nane. Sikujua zina nini.

Matbaa ilikuwa bado haijafungwa. Msimamizi, waliyemwita Gundi, alivua kofia aliponiona. Nilimwambia ninatafuta kurasa za mwisho za kitabu cha Bata.

"Shemeji, vile vitabu viliisha. Labda karatasi za mwisho, ambazo hazijakunjwa."

Alipanda ngazi ya stoo akashuka na karatasi moja pana kama shuka, kurasa nane juu yake, nne kila upande.

"Mwishoni Bata anarudi?" niliuliza.

"Miaka thelathini nafunga vitabu, shemeji, sijasoma hata kimoja. Msomaji alikuwa mumeo. Ndiyo maana alikuwa wa mwisho kumaliza kazi." Akacheka, kisha akakumbuka, akainama kukunja.

Alikunja mara mbili, akakata, akanipa. Sikuthubutu kutazama. Njia nzima nilizibana kifuani nikijiambia kwamba Bata asiporudi, na mtoto nitamzika.

Bosi alikuwa chini ya meza. Niliingia humo humo, nikaweka kurasa sakafuni.

"Hizi ndizo zilizobaki. Nafunua mimi. Nishike."

Alinishika kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba. Nilifunua. Ukurasa wa kwanza mweupe. Wa pili mweupe. Wa tatu ulikuwa na maneno tu, na nikayasoma kwa sauti kabla sijayapima: "Bado unafunua? Ulidhani ni vidole vyako vilivyonipoteza? Vidole vyenyewe hivyo vyembamba! Mimi huondoka kila siku saa kumi, ufunue usifunue."

Bosi alifumbua macho. "Soma tena."

Nilisoma tena.

"Halafu?"

Nilifunua zote. Nyeupe mpaka mwisho. Bata hakurudi.

"Bata mjinga," alisema. Midomo ilianza kumcheza. "Kwa hiyo baba harudi."

"Harudi, mama."

Akalia, mdomo wazi kabisa, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, mpaka shangazi yake akaja mbio. Nilimwomba kikombe cha maziwa nikakipeleka kwenye ile midomo. Bosi alikisukuma kidogo.

"Na wewe, mama, unaondoka saa ngapi?"

Nilikirudisha kikombe midomoni mwake. "Kwanza kunywa," nilimwambia.

Akanywa taratibu, akinitazama juu ya ukingo wa kikombe, bila kupepesa.