Ubatizo wa Mama Mkwe wa Kasisi

"Kitendawili," alisema Bibi Nyanzala huku akipepeta mchele uani.

"Tega," akajibu mjukuu wake, Agape.

"Wawili wanakula chungu kimoja, hawajawahi kuonana meno."

Agape hakuhangaika hata kidogo. "Wewe na baba."

Ndivyo ilivyokuwa kwenye nyumba ya kasisi, hapo Makanyagio. Kasisi Yotham alikuwa Msukuma aliyelelewa akaleleka: mama mkwe hakai naye karibu, hamtazami usoni, wala jina lake halimtoki mdomoni. Bibi akikohoa tu sebuleni, kasisi huyo, katokea mlango wa nyuma na sahani yake mkononi. Kanisani aliwahubiria watu mia mbili bila woga. Nyumbani alimkimbia bibi mmoja wa kilo arobaini na tano.

Sasa bibi alitaka kubatizwa. Mafundisho alishamaliza kwa katekista Elias, na baada ya Pasaka angerudi Usevya kwa mwanawe kuvuna mpunga. Huko kanisa liko mbali, na magoti yake yalishagoma. Kasisi mwingine asingepatikana mpaka Desemba.

"Mama, atakubatizaje?" aliuliza binti yake, Mercy, mke wa kasisi. "Inabidi akutaje jina mbele za watu. Tangu jana mwenzio hali."

"Anakula. Ugali wangu nimeukuta nusu."

"Mama jamani."

"Mwambie mumeo hivi. Jina la mkwewe alifungie kabatini. Mimi nabatizwa Prisila. Huyo Prisila hajamwoza binti yeyote. Na maji amwage kwa kikombe, mkono wake abaki nao."

Nyuma ya mlango mtu alikohoa. "Mwambie mama nimesikia," ilisema sauti ya kasisi.

"Mwambie nami nimesikia kwamba amesikia."

Siku ya Pasaka bibi alisimama mbele ya kanisa. Huyu mkwe akishindwa leo, basi bibi anarudi Usevya kama alivyokuja, bila ubatizo.

"Mtajeni mtu huyu," alisema kasisi, akiyaangalia mabati ya paa.

"Prisila," alijibu Elias, aliyekuwa msimamizi wake.

Kasisi akainua kikombe. Bibi akaona jasho linamshuka mkwewe, akamwonea huruma; akavuta kitenge kikafunika uso, akainama.

"Prisila, nakubatiza..."

Kasisi alikuwa amefumba macho. Maji ya kwanza yakalowesha kiatu cha Elias. Bibi hakungoja. Alisogeza kichwa, akayafuata maji mwenyewe, na yaliyobaki yote yakampata utosini, mpaka shingoni.

Mchana walikula pilau, kasisi jikoni, bibi sebuleni.

"Hongera, Prisila," sauti ilipita mlangoni, ya chinichini.

Bibi akacheka, akiuonyesha ukuta meno yote aliyobaki nayo.

"Agape, mwambie baba yako Prisila anashukuru sana. Mama mkwe wake hajasikia kitu."