Kicheko cha Bi Chachandu

Nalala mchana, nakubali, mtu kamaliza fomu foo hana mishe, afanye nini. Nimejilaza kwenye mkeka kando ya kitanda cha Bibi, jua la Muheza linachoma bati, Mama yuko uani anatwanga kisamvu, na mdundo wa kinu unanivuta, unanivuta, mpaka mkeka unarefuka, unatoka mlangoni, unakuwa barabara, na mimi niko juu yake natembea. Barabara yenyewe ni tepu ya redio, ya kahawia, inang'aa, inajikunja inarudi inajikunja tena, mwisho haina. Ila ninachofuata nakijua. Namtafutia Bibi kicheko chake. Maana Bibi yangu ndiye Bi Chachandu, yule mke mchokozi wa kwenye michezo ya redio zamani, akicheka halafu akaimba, watu wanaacha sufuria iungue. Mimi kile kicheko sijawahi kukisikia. Nyumbani alikuwa anacheka kawaida tu, kile anasema ni cha kazini. Na kazini tepu zilikuwa adimu, wakitaka kurekodi kipya wanarekodi juu ya cha zamani, basi Bibi akafutwa na kipindi cha mbolea. Ramadhani iliyopita kiharusi kikachukua na sauti iliyobaki.

Mbele naona mji, na nyumba zote ni nyumba yetu, bati letu, mlango wetu, kama vioo vinavyotazamana, na kila baraza watu wamezunguka redio wanacheka, mabega yanatikisika, ila nyuso hawana, ni ngozi laini tu kama unga uliokandwa. Nasogea nimsikie Bibi, sauti yake inahamia nyumba ya pili. Nasogea, inahamia. Ananijia mtu wa kaunda suti, usoni ana kile kitambaa cha spika ya redio, kimevutwa kikakaza. We nani, namuuliza. Fundi mitambo, anasema, na sauti inatokea mgongoni kwangu. Namtafuta Bi Chachandu. Kitendawili, anasema. Na mimi kwa mazoea, tega. Anaingia nyumba zote kwa pamoja na hapigi hodi hata moja. Jua, nasema. Siyo. Moshi. Siyo, nipe mji. Sasa si ndivyo tunavyocheza siku zote, ukishindwa unatoa mji, hata Ulaya unaitoa, nani anajali, namwambia chukua Korogwe. Anasema, nimekwenda Korogwe, nimekula, nimelala, na jibu ni sauti. Nyuma yangu baraza zima linanyamaza. Redio inawaka bado, lakini watu wanainuka mmoja mmoja kama waliosahau walichokalia. Anatega tena, nashindwa, natoa Handeni. Anatega, natoa Kilosa. Yaani natoa tu. Mpaka mama mmoja kabeba mtoto ananipita, ananiuliza, kijana, hivi tulikuwa tunamcheka nani? Bi Chachandu, mama. Simjui mwanangu, anasema, na mdomo hana, na hapo ndo naelewa. Nimewagawa wasikilizaji wa Bibi kama karanga. Wale walifuta tepu, mimi nafuta watu.

Nakimbia, na kila mlango ninaofungua ni uleule, mpaka mmoja unafunguka studio, na Bibi yuko ndani, binti kabisa, gauni la maua, anafikicha karatasi mbele ya maikrofoni isikike kama mafuta yanachemka. Ah, mume wangu, anasema, na hilo shati umemwazima marehemu yupi? Bibi, cheka basi, nikakipeleke nyumbani. Nicheke na nani? Nilikuwa nikicheka hapa, Korogwe inanipokea, Handeni inanipokea. Leo kumepoa. Anayechekea ukuta si anafungwa kamba? Nipo mimi, Bibi. Fundi mitambo kashafika mgongoni. Kitendawili. Naziba mdomo kwa mikono miwili na bado mdomo unasema tega. Anatega, nashindwa. Nipe mji. Umebaki Muheza tu, alikolala Bibi, ambako hata muuza mkaa akipita dirishani anaita, Bi Chachandu, umeamkaje, na yeye anainua vidole. Nikiutoa nani atamwita tena? Huo sitoi, nasema. Basi nipe pa kusikilizia, anasema, na kidole chake kinagusa sikio langu. Bibi anaacha karatasi. Usimpe, Mhina, we bado kijana, huyu harudishi. Namwangalia Bibi, namwangalia yule asiye na macho. Chukua, nasema, ila acheke kwanza.

Na anacheka. Kinaanzia chini, kama mtu anaburuta kabati, kinapanda, kinakwama, unadhani kimeisha, kumbe kimejificha, kinatokea puani, kinageuka wimbo, na mimi nacheka mpaka mbavu zinauma, nalia, nataka asinyamaze, na kinakuwa chembamba, chembamba kama uzi, na uzi unakatika.

Nafungua macho. Mama kasimama mlangoni, mkono kifuani, machozi yanamtoka na anacheka, naona kabisa anacheka. Kitandani Bibi kainua kichwa, mdomo wazi, koo linapanda linashuka. Mama ananiambia kitu, midomo yake nadhani inasema Mhina, Mhina, unasikia? Natingisha kichwa kwamba ndiyo. Nakaa nawaangalia wote wawili, nasubiri nishtuke tena, niamke mahali pengine.