Nyuki wa Padri Gideoni

Selestina hakupanda kilima kwa ajili ya afya wala roho. Alipanda kwa sababu Padri Gideoni alitangaza kanisani, mbele ya watu wote, kwamba Mama Rose keshakubali kwenda. Mama Rose ndiye yeye Selestina, na hakuwa ameulizwa na mtu.

Basi Jumamosi asubuhi waumini kumi na wawili wakakusanyika nyuma ya mji wa Masasi. Njia ilikuwa ya mzunguko: unapanda ubavuni mwa jabali, unakatiza uwanda wa majani huko juu, unaingia msituni, kisha unateremkia upande wa pili hadi palepale ulipoanzia. Mwendo wa saa mbili tu, alisema Padri. Sala hakuzihesabu. Kila penye kivuli alisimama akaomba, na ombi lake moja lilitosha kuivisha maharage.

Mbele kabisa alitangulia Ethel, mwenyekiti wa akina mama, dada wa marehemu mume wa Selestina. Mawifi hawa walikuwa hawajasemezana kwa miaka sita, ukiacha "Bwana asifiwe" ya mlangoni mwa kanisa. Kisa ni kwamba siku ya arobaini ya mumewe, Selestina alijitokeza na rangi nyekundu mdomoni. Ethel aliisambaza habari hiyo hadi Lukuledi.

Walipofika katikati ya uwanda, Padri akauona mti, akasimama kivulini kuomba.

"Shusha moto wako, Bwana!" akanguruma, akainua fimbo kwa nguvu zote. Fimbo ikaupiga mzinga wa gogo ulioning'inia juu ya kichwa chake.

Moto ukashuka, tena wenye mabawa.

Wa kwanza kukimbia alikuwa Padri mwenyewe. Alikunja kanzu hadi kiunoni, akateremka kwa njia waliyopandia, na kundi zima likamfuata mchungaji wake kwa uaminifu ambao hajawahi kuuona siku ya sadaka. Selestina alikimbia hatua nne, goti likagoma, akaanguka kifudifudi kwenye majani.

Mara kitenge kikamfunika, na mtu mzito akajitupa ubavuni mwake.

"Usitikisike, wifi," Ethel akanong'ona.

"Nitikisike na goti lipi?"

Wakalala humo wakinuka jasho, nyuki wakivuma juu yao. Mmoja alikuwa keshamdunga Ethel mdomo wa juu, nao ukawa unaumuka kama andazi.

"Sasa na wewe una mdomo wa kutazamwa," Selestina akasema, asiweze kujizuia.

Ethel akaugusa ule mdomo. "Ile rangi ulipaka kwa nini?"

"Kaka yako aliinunua Newala, alipokwishaanza kuugua. Aliniambia akifa nisikae hapo nimefanana na popo."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza? Ulitangaza tu."

Kitenge kikaanza kutetemeka. Selestina alidhani wifi yake anacheka, kumbe analia. Kisha wote wawili wakawa wanafanya yote mawili.

"Popo!" Ethel akasema akipenga kamasi. "Mjinga yule. Nisamehe, wifi."

"Nimekusamehe. Toa kiwiko chako mbavuni mwangu."

Nyuki walipotulia, hapakuwa na muumini hata mmoja pale juu. Kurudi kwa njia ya mzinga hawakuthubutu, basi wakaumalizia mzunguko, Selestina akichechemea huku amemwegemea Ethel. Msituni, mvua za wiki ile zilikuwa zimeotesha uyoga chini ya miti, mkubwa kama visahani. Wakachuma, wakasimuliana habari za marehemu ambazo haziwezi kusemwa mbele ya katekista, wakachuma tena.

Walifika chini saa nane mchana. Padri aliwangoja kando ya bodaboda mbili alizoita za kuwatafutia, jicho moja limefumba kwa uvimbe.

"Bwana amewaokoa!" akasema.

"Kwa kitenge changu," Ethel akamjibu kwa mdomo wake mnene. "Wewe tulikuona mgongo tu, Baba."

Selestina akamwambia dereva wake asimpeleke nyumbani, apite kwa Ethel. Wakapanda, wakaondoka wakibishana juu ya uyoga ule, kama ni wa kupikwa kwa karanga au kwa nazi.