Kipande cha Nane

Usiku wa jana niliota nimeandikishwa kazi kwenye manowari ya Waingereza, zile za zamani za matanga, mimi mtu wa Dodoma ambaye maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya bwawa. Naitwa Elia Chilongani, fundi seremala, natengeneza vitanda na makabati. Mke wangu Yudita alifariki miezi saba iliyopita. Watoto wako mbali, wanapiga simu Jumapili. Nayasema haya mapema usije ukadhani nimechanganyikiwa. Naishi peke yangu, basi.

Nimesimama kwenye sitaha, jua linawaka. Mbele yangu kuna meza, na nyuma ya meza limekaa koti la karani, la buluu, vifungo vya shaba, ndani hamna mtu. Koti limeshika kalamu.

"Jina?"

"Elia Chilongani."

"Kwenye mchoro haumo."

"Mchoro gani tena?"

Koti likakunjua karatasi kubwa kuliko shuka. Likanieleza kwamba hii ni frigeti, manowari ya wastani yenye mbio, mizinga yake mikubwa imepangwa kwenye sitaha moja. Ilichorwa mara moja tu, na kwa mchoro huo huo zikajengwa arobaini na saba, zote dada. Kwa hiyo kila kilichomo ndani lazima kiwemo kwenye mchoro. Nikatazama. Kila msumari ulikuwemo. Hata panya walikuwemo, watatu, na mmoja mjamzito. Mimi sikuwemo.

"Sasa nifanyeje?"

"Utachorwa."

Likanichora kwa penseli, karibu na jiko. Likanifanya mfupi. Nikalalamika kuhusu urefu, maana fundi huwezi kukaa kimya vipimo vikikosewa. Koti likasema nisijali, penseli ni ya muda. "Ukishakula na wenzako mezani, tunakupitishia wino. Usipokula, tunafuta."

"Mnafuta mchoro?"

"Na wewe."

Nikaona ni utaratibu unaoeleweka. Nikashuka ngazi kwenda kuitafuta hiyo meza, na hatua ya tatu nikagonga kichwa kwenye boriti.

"Pole," ikasema merikebu.

Kwa mbali sana, pengine nchi nyingine, sauti ya pili ikasema, "Pole."

"Nani huyo?" nikauliza.

"Dada yangu. Tumejengwa kwa mchoro mmoja, ukigonga kwangu umegonga na kwake. Zamani ungepewa pole arobaini na saba. Wengine walizama, wengine wakavunjwa wakawa kuni. Tumebaki wawili."

"Mnaonana lakini?"

"Hatujawahi. Yeye yuko bandari nyingine. Walimaliza kumjenga wasimwekee milingoti, wakamwezeka paa, hajaenda popote tangu azaliwe. Tunasikiana tu mtu akigonga kichwa."

"Wanagonga mara nyingi?"

"Wageni wa siku hizi wafupi," ikasema.

Nilisimama pale pale kwenye ngazi. Kisha nikapanda hatua mbili, nikashuka tena, nikagonga. Makusudi kabisa. "Pole," ikasema merikebu, haraka. "Pole," ikajibu ile ya mbali. Nikagonga mara nne zaidi mpaka nikaona nyota.

"Asante, fundi," ikasema.

Nikapapasa ubao wa ukutani. "Wewe ni mtiki."

"Nilijengwa Bombay. Waingereza walikuwa wameishiwa mialoni ya kwao."

"Ndiyo maana hujaoza."

"Ndiyo maana," ikasema, na haikuonekana kufurahi.

Nikafungua mlango nikijua naingia penye meza, nikajikuta sebuleni kwangu, Dodoma. Viti vinne, vitatu vina vumbi. Redio inaongea yenyewe. Kwenye meza kuna sufuria ya ugali wa watu wawili, maana mkono wangu haujajifunza kupika wa mtu mmoja, na nusu yake huwa wanakula kuku wa jirani. "Hii nayo imo kwenye mchoro?" nikauliza. "Imo," ikasema merikebu, "lakini hapo si pa kukaa, pita." Nikapita kwenye mlango wa jikoni nikatokea penye mizinga.

Meza ilikuwa imening'inizwa kwa kamba katikati ya mizinga miwili. Mmoja alikuwa mzinga wa kawaida, amelala. Wa pili alikuwa Bibi Mzinga, Namba Kumi na Nne, mwenyekiti wa meza. Kulikuwa na Ndoo, na Dekio, na Kengele, na mashati matatu ya mabaharia yasiyo na watu ndani. Yote matatu yaliitwa Tomu, maana yalikatwa kwa kitambaa kimoja.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Karibu, mgeni njoo mwenyeji apone. Sogeza, Tomu, fundi akae."

Akasogea Tomu. Wakasogea na wengine wawili.

"Eti Wagogo mnajua kuogelea?" akauliza Ndoo.

"Tunajua kutembea."

"Basi tukizama utatembea chini, utuletee habari!"

Wakacheka, mashati yakatikisika mabega. Nikacheka na mimi mpaka nikashika mbavu, na hapo nikagundua kwamba kwa miezi saba sijacheka na mtu mezani. Nikaitaka ile nafasi. Sitaki kuficha, niliitaka sana. Wangenipitishia wino hata kwa ule ufupi, ningekubali.

Kengele akalia mara moja na nyama ikaletwa, nyama ya chumvi iliyochemshwa, vipande vinane. Vingine vinono, vingine mfupa mtupu. Bibi Mzinga akanieleza desturi yao. Mtu mmoja anageuka, anaipa meza mgongo, mikono nyuma. Mwingine anagusa kipande na kuuliza ni cha nani. Aliyegeuka anataja jina bila kuona. Ukipata mnofu, ni wako. Ukipata mfupa, ni wako, na hakuna wa kununa wala wa kusema fulani kapendelewa.

"Mgeni ndiye anayegeuka," akasema. "Sisi saba, wewe wa nane. La mwisho utaje lako."

"Nisipolitaja?"

Koti la karani lilikuwa limeshaingia, limesimama pembeni na mchoro na kipande cha raba.

Nautazama ubao wa ukuta. Mikono nimeiweka nyuma. Dekio ndiye anayeuliza.

"Hiki cha nani?"

"Cha Ndoo."

"Mfupa!" anasema Ndoo. "Haya, nashukuru."

"Hiki?"

"Cha Kengele." Kisha Tomu, na Tomu, na Tomu, na kila Tomu anajua ni yeye. Kisha Dekio mwenyewe. Kisha Bibi Mzinga, anayesema nimempa kigumu lakini meno anayo.

"Kimebaki hiki," anasema Dekio. "Kina mafuta upande mmoja. Cha nani?"

Sasa nisikilize vizuri. Kwangu nyama ilipoiva alikuwa anapakua Yudita, na chenye mafuta alikuwa anakisukuma upande wangu, na mimi ninakirudisha upande wake. Miaka thelathini na mmoja tunasukumiana kipande kimoja kila tulipopika nyama. Sikufikiri. Mdomo ulitangulia.

"Cha Yudita," nikasema.

Kengele akakohoa.

"Fundi," akasema Bibi Mzinga taratibu, "hapa mezani hatuna Yudita."

"Najua, bibi. Ni marehemu mke wangu."

"Mwacheni arudie," akasema Ndoo. "Jamani, kateleza tu ulimi."

"Hairudiwi," likasema koti. "Kilichotajwa kimetajwa."

"Lakini huyo alishakufa!" akasema Ndoo.

"Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Na leo katajwa yeye," likasema koti. "Kipande ni cha Yudita. Huyu hana." Nikasikia raba ikianza kusugua karatasi.

Nililia, na sioni aibu kusema. Raba ilianzia miguuni. Sikuumia, ila nilitazama chini nikaona sakafu mahali palipokuwa na viatu vyangu.

Ndipo benchi likalia nyuma yangu. Mtu amekaa. Akashusha pumzi, "Eeh, Bwana wangu," kama anavyoshusha kila akikaa baada ya kutwa nzima kusimama. Nikataka kugeuka.

"Usigeuke," akasema Bibi Mzinga. "Mgawo haujaisha mpaka kila aliyetajwa ale."

"Elia," ikasema ile sauti.

"Naam."

"Miguu yako iko wapi?"

"Wanaifuta."

"Umekula?"

"Nakula, Yudita. Napika kila siku."

"Sijakuuliza kama unapika."

"Sisikii ladha," nikasema. "Naweka mdomoni tu."

"Mkaidi wewe! Kiuno kinakwenda hicho, na wewe unanijibu."

Nikasikia nyama ikichanwa kwa vidole. Kisha kitu cha moto kikawekwa kwenye kiganja changu, huku nyuma, na vidole vyake vikakunja vyangu juu yake, kimoja kimoja.

"Mimi nimeshika changu," akasema. "Na wewe kula chako."

"Tule wote, basi."

"Si ndiyo hivi tunakula?"

Akaanza kutafuna. Taya yake ya kushoto ililia ile sauti yake ya siku zote. Raba ilikuwa imefika kifuani, ikafika shingoni, na nikalisikia koti likisema, kwa sauti ya mtu wa ofisi anayekaribia kufunga, "Umebaki mkono."

Nikaamka. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani, na kuku wa jirani wanaparua mlangoni. Nilikuwa nimelala ubavu, mkono wa kulia umekunjwa nyuma ya mgongo, umekufa ganzi, ngumi imefumbwa. Niliuleta mbele kwa kuuvuta na mkono mwingine, nikafungua vidole kimoja kimoja.

Nyama sijanunua tangu Pasaka. Kiganjani kulikuwa na kipande kidogo kilichochanwa, kina mafuta upande mmoja, bado kina uvuguvugu.

Nikakila pale pale, nimekaa kitandani. Chumvi ilikuwa imezidi, na niliisikia.