Hatua Mbili Ambazo Struan Hakunipa

Kila mwezi wa Juni, tangu marehemu mume wangu Wattie alipokuwa hai, sisi hufunga mizigo na kwenda Inverlarich kucheza gofu kando ya bahari kwa wiki nzima. Tunafikia nyumba ileile ya wageni, chumba kilekile chenye pazia la maua ya njano, na asubuhi tunakula uji wa shayiri na samaki wa moshi kabla ya kutoka. Mwaka huu nilikwenda na miaka sabini na sita na nyonga ya chuma. Siku ya pili, nikiwa napaka mkate siagi, binti yangu Ailsa akatoa neno alilokuwa amelibeba tangu nyumbani. Mwaka ujao nisicheze. Nikae pale dirishani na sindano zangu za kufuma, niwatazame wao wakipita.

Nilipaka kwanza mpaka siagi ikafika pembe zote za mkate. Nilisimama mbele ya mashine za kiwanda cha sufu miaka thelathini na moja, na sikuona kwa nini nikalishwe kitini na mtoto niliyemfunga nepi. Nikamwambia basi tupimane. Siku ya mwisho ya likizo nicheze na mumewe Struan mashimo kumi na nane, mimi na yeye tu: anayeingiza mpira kwa mapigo machache ndiye mwenye shimo, na mwenye mashimo mengi ndiye mshindi. Nikishinda, habari ya dirisha isitajwe tena. Nikishindwa, au tukitoka sare, nitakaa na sufu yangu.

Struan ni mkwe mwema, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Mtu mwema humhurumia mama mkwe. Tena amejifunzia gofu bara, kwenye viwanja vya miti, ambako mpira unarushwa juu na unatulia unapoangukia. Pwani kwetu ardhi ni ngumu kama sakafu, imejaa matuta, na upepo haumwombi mtu ruhusa.

Siku hiyo ya mwisho upepo ulivuma kutoka baharini hata kondoo wanaolishwa uwanjani walikuwa wamelala nyuma ya vilima vya mchanga. Nilianzia kwenye vijiti vyekundu vya wanawake, mbele kidogo ya vile vya wanaume, na nafuu nyingine sikuomba. Ailsa alitufuata na chupa ya chai na mwavuli ambao hakuthubutu kuufungua. Nilitembea polepole, nikipiga mipira mifupi ya chini, na Struan akiurusha wake mbinguni na kwenda kuutafuta kwenye miiba. Hata hivyo ana nguvu, na tulipomaliza shimo la kumi na sita alikuwa mbele yangu kwa shimo moja.

La kumi na saba alilimaliza kwa mapigo matano. Mimi nilikuwa nimepiga matatu, na mpira wangu uko hatua nne kutoka shimoni. Ukiingia, shimo langu. Nikaanza kuinama niusome mteremko, mara nikaona mkono wa Struan unauokota mpira.

“Huo umeingia, Mama,” akasema. “Nimekupa.”

Mpira wa kupewa ni ule ulio mdomoni mwa shimo, ambao hata mtoto hakosi. Hatua nne hapewi mtu. Na sheria ya mchezo wetu ni kwamba ukishapewa huwezi kurudisha. Kwa hiyo tukawa sawa, bila mimi kufanya lolote, na Ailsa akatabasamu kama mtu aliyeona mgonjwa amekunywa uji.

Nilimsubiri Struan afike karibu. Nikamwambia taratibu, asisikie mkewe, “Mwanangu, ukinipa tena kitu, nitakwenda kukaa dirishani leo leo, na nitakufumia soksi za kuwasha kila Krismasi mpaka nife.”

Akacheka. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka.

Shimo la kumi na nane linauelekea upepo moja kwa moja. Mapigo mawili yalinifikisha hatua sitini kutoka kwenye nyasi fupi za shimo. Struan alikuwa na nafasi nzuri kuliko yangu, akachukua fimbo ya chuma, akaupiga mpira wa pili juu, mzuri kabisa. Upepo ukaukamata, ukausimamisha, ukaurudisha nyuma hadi kwenye handaki la mchanga walimojikinga kondoo wawili. Wakaamka, wakautazama mpira, wakatoka kwa uchungu.

Mimi nikatoa fimbo ya kusukumia, ile ambayo watu huitumia wakiwa karibu kabisa na shimo. Nikasikia Ailsa akisema nyuma yangu kwamba macho yangu nayo yamekwisha. Lakini Wattie alinifundisha: upepo hauwezi kuuiba mpira usioondoka chini. Niliusukuma kwa nguvu zote za nyonga. Ukapanda tuta la kwanza, ukapotea, ukatokea, ukazunguka tuta la pili kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani, ukaingia kwenye nyasi fupi na kusimama hatua mbili kutoka shimoni.

Struan akautoa wake mchangani, akausukuma, akakosa, akamalizia kwa matano. Mimi nilikuwa na matatu. Nikiingiza nimeshinda. Nikikosa ni sare, na kiti kinaningoja.

Nikasimama juu ya mpira na kungoja kusikia kama Struan atanipa tena. Ailsa alimvuta mumewe mkono wa koti ili anipe. Struan akavua kofia, akaishika kifuani, akanyamaza. Sijawahi kumpenda mkwe wangu kama wakati ule wa ukimya wake.

Nikausukuma. Uligusa ukingo wa kushoto, ukafikiri kidogo, ukaingia.

Alikuja kunipa mkono, na mkono wake ulikuwa baridi. “Mama,” akasema, “nilikuwa naomba ukose.”

“Najua, mwanangu. Ahsante sana.”

Jioni, tulipokuwa tunakula supu, Ailsa alimwita mwenye nyumba na kumwambia aandike wachezaji watatu kwa Juni ijayo, chumba kilekile. Alisema bila kuniangalia. Mimi nilikuwa nimekwisha kulitumia lile dirisha: nilikuwa nimeanika soksi zangu zilizolowa, pea mbili, zikipepea juu ya kile kiti.