Skrubu ya Pili

Kaa hapo, Flavia, usinikatize, maana ukinikatiza nitapotea. Umeniuliza kwa nini nikipita kihamba, shamba la nyumbani, cha marehemu Kastori nainamisha macho. Basi ni gari.

Kastori alikuwa baba yangu mdogo. Alimpikia Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa kule chini, miaka mingi. Mashamba yalipochukuliwa na serikali, yule Mgiriki akaondoka, akamwachia gari lake la mbio, jekundu, viti viwili, kuukuu. Kibosho nzima hakuna aliyekuwa na kitu kile. Ubaya wake, halikuwa na sailensa, ule mngurumo mdogo wa gari lililosimama. Likitembea linatembea, likisimama linakohoa, linazima. Na mwezi wa saba alikuwa anamwoza binti yake, Odilia. Watu wote walishaambiwa: Odilia anapelekwa kanisani na baba yake, kwa gari lile.

Akaniita mimi, kwa sababu nilishajitangaza fundi. Kweli nilikaa mjini, Majengo, miaka miwili kwa fundi Primus, ila nilikuwa naosha vyuma kwa dizeli na kujaza matairi upepo. Hilo sikumwambia mtu.

"Filemon, utaweza?"

"Baba mdogo, hiyo ni kazi ya bisibisi tu. Chai haitapoa."

Primus alikuwa anasema kila siku, mpaka tunamcheka: pasha injini kwanza, iive, ndipo ushike skrubu ya sailensa; ukiigeuza injini ikiwa baridi, ikipata moto itapiga kelele. Na gari la kabureta mbili, kama lile, ukigeuza ya huku geuza na ya kule, sawasawa, kama unagawia wake wawili nyama. Lakini asubuhi ile ukungu ulikaa kwenye migomba, baridi kali, na petroli ilikuwa ya shida, baba mdogo ameidunduliza wiki tatu. Akasema tusiichome bure. Nikaona aibu kubisha. Skrubu ya kwanza niliiona. Ya pili sikuiona, na nikaona aibu kuitafuta mbele yake. Nikageuza ile moja mpaka gari likanguruma vizuri. Nikapewa mbege, pombe yetu ya ndizi, nikanywa kata mbili nzima.

Jumamosi likapanda na Odilia mpaka kanisani, likapata moto. Kusimama tu mlangoni, likaanza kupiga kelele. Baba mdogo ametoa mguu kwenye mafuta, lenyewe linalia, linatetemeka, kama ng'ombe anayechinjwa. Watu wakaziba masikio. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akasema, "Kastori, mnyama wako amemkataa mkwe?" Wakacheka. Odilia akashuka analia, na baada ya misa akakataa kulipanda. Alirudi kwa miguu, gauni jeupe, vumbi mpaka magotini.

Baba mdogo akaniita palepale, mbele ya watu. "Umelifanya nini?"

"Mimi niliacha vizuri. Labda umelikanyaga sana mlimani."

"Mwongo wewe. Hujawahi kuwa fundi."

Ilikuwa kweli, lakini nikanuna kama mtu aliyeonewa. Siku tatu sikumsalimia.

Ya nne akaja kwangu na isale. Unalijua, jani lile la kwenye mpaka, ukiletewa huwezi kukataa kusamehe. Mtu mzima yule, amelishika kwa mikono miwili.

"Nilikuita mwongo mbele za watu. Kumbe ni mimi sijui kuendesha. Nisamehe, mwanangu."

Nikalipokea, Flavia. Nikasema yameisha, baba mdogo.

 Kesho yake nikaenda kwake, mwenyewe yuko anachuma kahawa. Nikawasha gari, nikalisubiri liive, nikapapasa nyuma huko nikaipata skrubu ya pili, nikageuza zote mbili sawasawa. Likatulia. Ungesikia kuku wanavyoparua. Utulivu ule ndio uliomtoa shambani, na kikapu chake.

"Kumbe ni skrubu tu," akasema.

"Ndiyo, baba mdogo."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kanisani. Hata kabla."

Akanyoosha mkono, akalizima. Mimi nikaenda kwenye mpaka wake nikakata isale, lake mwenyewe, maana lile aliloniletea nilishindwa hata kulishika tena. Nikampelekea kwa mikono miwili.

Alilipokea. Halikataliwi. Ila alilipokea kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kikapu, macho yake yako kwenye kahawa.